Mikunde ya malisho milimani: chokaa, mbegu au mfuko wa urea?

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Kisii, Nandi, Njombe au Rungwe hupewa ushauri wa aina tatu juu ya jambo moja. Afisa ugani anamwambia udongo wake una tindikali, hivyo asipoteze mbegu ya mikunde kabla ya kumwaga chokaa. Mradi unaofika msimu unaofuata unamgawia vipando vya desmodiamu na miche ya kaliandra, ukimhakikishia kwamba mimea hiyo haidai chokaa. Muuza pembejeo naye anamshauri aachane na yote mawili, atie urea kwenye nepia na anunue mashudu. Kila mmoja wao ana shamba la mfano la kuonyesha, na mashamba hayo yote yamestawi kweli.

Mkanganyiko unazaliwa hapo. Aliyepanda mkunde wa lusini ukanyauka baada ya miezi michache analaumu mbegu. Aliyemwaga chokaa asione tofauti analaumu chokaa. Jirani yake ambaye desmodiamu imemfunikia tuta zima anadhani hao wawili ni wavivu. Wote wanazungumzia udongo ambao kwa macho ni uleule mwekundu, na hakuna anayepima.

Swali hili linagusa mfuko wa mfugaji moja kwa moja. Nepia iliyokomaa, ile inayoitwa pia mabingobingo, mara nyingi huwa na protini isiyofika asilimia 8, kiasi ambacho ng'ombe wa maziwa hawezi kukitegemea. Kaliandra ina zaidi ya asilimia 20. Majaribio yaliyofanywa Embu katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra hufanya kazi karibu sawa na kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Kwa familia inayokamua ng'ombe mmoja au wawili, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama maziwa yataacha faida au yatarudisha tu gharama.

Tindikali ilikuwepo kabla ya mbolea

Nchini Kenya, ambako inakadiriwa kuwa karibu asilimia 13 ya ardhi ina udongo wa tindikali, lawama nyingi hutupiwa mbolea ya DAP. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Bakteria wa udongo wanapogeuza amonia inayotokana na DAP au urea kuwa naitreti, hutoa tindikali, na shamba linalotiwa mbolea hiyo mwaka baada ya mwaka bila kurudishiwa kitu hushuka polepole. Lakini mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianzishwa miaka ya 1920, kabla mkulima mdogo hajaujua mfuko wa mbolea ya viwandani. Chai hupenda udongo wenye pH kati ya 4.5 na 5.6, na ilistawi pale kwa sababu udongo ulikuwa tayari hivyo. Ramani ya chai ya Kericho, Nandi, Kisii, Mufindi, Njombe na Rungwe ni ramani nzuri zaidi ya tindikali kuliko vibao vingi vya miradi.

Mkosaji wa kwanza ni mvua. Panaponyesha zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka kwa maelfu ya miaka, maji yanayopenya ardhini huyeyusha kalsiamu na magnesiamu na kuzishusha chini ya mizizi. Kinachobaki ni madini ya chuma na alumini, na chuma ndicho kinachoupa udongo wekundu wake. Binadamu ameongeza kasi tu: kwa mbolea za amonia, na kwa kuvuna nyasi na mahindi kupeleka nje ya shamba kila msimu, mavuno ambayo huondoka na kalsiamu ndani yake.

Jambo hili lina maana katika uamuzi. Kama tindikali ingekuwa kosa la DAP peke yake, kuacha DAP kungetosha. Mkulima anayehamia mbolea ya CAN anapunguza kasi ya kushuka, na hilo ni jema, ila hapandishi pH ya udongo uliokwisha kushuka.

Ncha ya mzizi

Tindikali yenyewe si adui mkuu wa mkunde. Adui ni vitu ambavyo tindikali huvifungulia mlango na vile ambavyo huvifungia. Kipimo cha pH hupanda na kushuka kwa mara kumi kumi: udongo wa pH 4.5 una tindikali mara kumi zaidi ya ule wa 5.5. Inaposhuka chini ya 5.5 alumini iliyofungwa kwenye udongo huanza kuyeyuka, na chini ya 5 huyeyuka kwa wingi. Alumini iliyoyeyuka hushambulia ncha ya mzizi, mahali pale pale mzizi unapokulia.

Ukichimbua mche wa lusini wenye wiki sita kwenye udongo wa namna hiyo, utauona msiba wote mkononi. Mzizi mkuu, ambao ungepaswa kushuka wima, ni mfupi na mnene, ncha yake ni ya kahawia, na vizizi vya pembeni ni vichache na vimekakamaa. Mara nyingi mzizi umepinda kulala ubavu pale jembe lilipoishia, kwa sababu chini yake kuna tabaka ambalo halijaguswa na chokaa wala samadi. Juu mche bado unaweza kuwa wa kijani. Kiangazi cha wiki tatu kinatosha kuumaliza, na mwenye shamba atasema ni jua.

Baada ya alumini huja njaa ya fosforasi. Chuma na alumini huikamata fosforasi kwa nguvu hivi kwamba mbolea iliyomwagwa kutapakaa shambani inaweza kufungwa kabla mche haujaifikia. Udongo wa volkano wa Rungwe na miteremko ya Kilimanjaro una sura yake hapa: kwa kuwa una mboji nyingi inayoishika alumini, sumu ya alumini huwa ndogo kuliko pH inavyotisha, lakini njaa ya fosforasi ni kali. Udongo mwekundu uliochakaa wa Njombe unaweza kusoma pH ileile na tatizo lake likawa alumini zaidi. Mashamba mawili yenye pH moja yanadai dawa tofauti, na hii ni sababu mojawapo ya mashamba ya mfano kutoafikiana.

Tatu ni bakteria. Mkunde hautengenezi naitrojeni peke yake. Unawapa nyumba bakteria wa rizobia ndani ya vinundu vya mizizi, nao huigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Bakteria hao, na hasa hatua ya kuingia mzizini, mara nyingi huathiriwa na tindikali mapema kuliko mmea wenyewe. Ndiyo maana mkunde unaweza kuota, ukasimama, na bado ukawa wa njano. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: chimbua mche taratibu bila kuung'oa, chukua kinundu, kikate kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, mkunde huo unakula naitrojeni ya udongo kama nyasi yoyote.

Adui wa mwisho ni mdogo na husahauliwa. Kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya kinundu kinahitaji molibdeni, madini ambayo tindikali huyafungia. Mwaka 1942 huko Australia Kusini, mtafiti A. J. Anderson aligundua kwamba klova iliyokataa kustawi ilikuwa ikikosa molibdeni tu, na kiasi kisichofika gramu mia kwa hekta kilitosha kubadilisha malisho. Ugunduzi huo unaeleza kwa nini chokaa wakati mwingine hufanya muujiza hata inapopandisha pH kidogo sana: imeifungulia mlango molibdeni iliyokuwemo. Unaeleza pia kwa nini majivu ya jikoni hufanya vizuri kwenye kitalu. Tahadhari ipo: molibdeni ikizidi kwenye malisho humnyima ng'ombe madini ya shaba, kwa hiyo si kitu cha kumwaga kwa kukisia.

Chokaa kwanza

Wanaosema chokaa itangulie wana hoja nzito. Kati ya njia hizi tatu, chokaa pekee ndiyo inayopunguza alumini, inayoongeza kalsiamu na inayoifungua molibdeni kwa pamoja. Yenye dolomaiti huongeza na magnesiamu. Faida yake pia haikai kwenye malisho peke yake. Maharage na mahindi yanayofuata kwenye shamba lilelile hunufaika, na athari yake huendelea kwa misimu kadhaa.

Zaidi ya hayo, hoja hii imeboreshwa na sayansi. Zamani lengo lilikuwa kupandisha udongo hadi karibu pH 7, kiasi ambacho kingehitaji chokaa nyingi mno. Mwaka 1970 Eugene Kamprath wa North Carolina alionyesha kwamba kwenye udongo uliochakaa kwa mvua inatosha kuweka chokaa ya kuiua alumini, yaani kufika pH ya karibu 5.5, na kuishia hapo. Kuzidisha kuna madhara yake, kwa sababu zinki na boroni nazo hufungwa.

Udhaifu wa hoja hii haumo kwenye kemia. Umo mgongoni. Kiwango cha kawaida cha tani 2 kwa hekta ni kilo 800 kwa ekari, yaani mifuko 16 ya kilo 50. Udongo wa mfinyanzi wenye mboji unaweza kudai mara mbili yake. Chokaa ikitoka Koru hadi kituo cha soko, lori linaweza kufika. Kutoka hapo hadi shamba lililo juu ya mteremko ni kazi ya punda, pikipiki au kichwa. Bei ya mfuko huwa sehemu ndogo ya gharama yote, na mipango mingi ya ruzuku hupunguza sehemu hiyo ndogo tu.

Halafu chokaa haitembei. Iliyomwagwa juu ya udongo hushuka sentimita chache kwa mwaka, kwa hiyo lazima ichanganywe kwa jembe hadi sentimita 15 hivi. Kwenye mteremko mkali, kulima ili kuchanganya chokaa ni kuualika mmomonyoko uchukue chokaa na udongo pamoja. Na hata ikichanganywa vizuri, tabaka la chini linabaki na alumini yake. Mmea wenye mzizi mrefu kama lusini hufika huko na kugota.

Kuna pia suala la ubora ambalo maofisa wengi hulipita haraka. Chembe za mawe ya chokaa zenye ukubwa wa zaidi ya milimita 2 karibu hazifanyi kitu. Unga laini ndio unaofanya kazi. Chokaa ya kupaka ukuta ni kitu kingine: ina ukali zaidi, inaweza kuunguza miche na mikono, na vipimo vyake si vya chokaa ya kilimo. Wapo wakulima waliounguza vitalu kwa kuichanganya hii na ile, wakaapa kutogusa chokaa tena.

Mmea unaovumilia

Hoja ya pili inageuza swali: badala ya kuubadilisha mlima, tafuta mmea uliozoea mlima. Ushahidi wake umesimama wazi kandokando ya barabara za Njombe, ambako miwati imeota kwa wingi. Muwati ni jamii ya mikunde, unakamata naitrojeni, na haukuomba chokaa kwa mtu. Kwa hiyo kusema "mikunde haipendi tindikali" ni kuzidisha maneno. Baadhi haipendi, baadhi haijali.

Tofauti kubwa ipo kwenye bakteria. Mikunde mingi ya kitropiki, kama kunde na desmodiamu, hushirikiana na rizobia wanaokua polepole, ambao wamezoea tindikali na tayari wapo kwenye udongo mwingi wa Afrika. Lusini na klova za Ulaya hutaka rizobia wao mahususi, ambao mara nyingi hawapo na hawaishi muda mrefu hata wakiletwa. Lusini kwa kweli hutaka pH ya 6.5 au zaidi. Kuipanda kwenye udongo wa pH 4.8 kwa sababu inasifiwa redioni ni kutupa fedha, na nadhani mashirika yanayogawa mbegu zake milimani bila kipimo cha udongo yanawakosea wakulima.

Tusidhani pia kwamba mmea wa kienyeji ni wa tindikali kwa sababu tu ni wa kwetu. Glisini, mkunde unaotambaa wenye asili ya Afrika Mashariki, hutaka udongo mzuri usio na tindikali kali. Klova ya Kenya, inayoota yenyewe kwenye nyanda za juu za zaidi ya mita 1,400, inavumilia vilima vyake lakini huchagua sana bakteria: dawa ya rizobia ya klova za Ulaya haiifai. Lukina, ambayo ni ya kuletwa na miaka ya 1980 ilisifiwa kila mahali, haipendi tindikali, na mwaka 1992 mdudu wake mharibifu alipofika Afrika Mashariki ikapata pigo la pili.

Mikunde iliyobaki mezani ni michache na inajulikana. Kaliandra huvumilia tindikali na hufanya vizuri hadi karibu mita 1,900. Juu ya hapo hukua taratibu. Desmodiamu huvumilia pH ya karibu 5, hupanda juu zaidi kimwinuko, ila jalidi huiunguza. Imepata sifa ya ziada kupitia kilimo cha sukuma-vuta kilichoendelezwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko Mbita, ambapo hupandwa kati ya mahindi na kudhibiti magugu ya kiduha, kisha ng'ombe akala. Stailo huvumilia kuliko zote, hata pH ya 4 na fosforasi kidogo, lakini ni mmea wa joto. Kwenye baridi ya Makete haina kazi. Fiwi ni wa msimu mmoja na hupandwa pamoja na mahindi bila kusumbua.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba kuvumilia tindikali si kuvumilia njaa. Desmodiamu isiyopewa fosforasi itaishi, itatambaa kidogo, itabaki na majani madogo ya njano, na mkulima ataambiwa kwamba mmea huo "hauhitaji kitu". Huanza polepole pia: mbegu yake ni ndogo kama vumbi, huota kwa kusitasita, na miezi miwili ya kwanza bila palizi magugu huimeza. Mbegu ni ghali na adimu. Wengi hupanda vipande vya matawi vyenye vifundo viwili au vitatu, njia inayofaa kwa robo ekari na kuchosha kwa ekari nzima. Kaliandra ina tanini inayoibana protini, kwa hiyo haifai kuzidi theluthi moja ya chakula cha ng'ombe. Tanini hiyohiyo, hata hivyo, ndiyo inayofanya kaliandra na desmodiamu zisimjaze ng'ombe gesi kama klova mbichi na lusini zinavyoweza kufanya, na kwa mfugaji aliye mbali na daktari wa mifugo hilo si jambo dogo.

Acha mikunde, nunua naitrojeni

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini lakini ndiyo inayofuatwa zaidi. Ardhi ni ndogo, nepia inatoa majani mengi kwa eneo kuliko mkunde wowote, na urea huipandisha ndani ya wiki tatu. Brakiaria zilizoboreshwa nazo, nyasi zenye asili ya Afrika zilizofanyiwa uteuzi Colombia na kurudi, huvumilia alumini vizuri sana. Ukiwa na fedha taslimu kila mwezi kutoka kwenye maziwa, hesabu hii inaweza kukaa sawa.

Inaharibika mahali pawili. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, na huacha kwenye udongo deni la karibu kilo 40 za chokaa. Anayeikwepa chokaa kwa kununua urea anaiahirisha tu. Mahali pa pili ni bei: mashudu hupanda bei kiangazi, wakati uleule maziwa yanapopungua, na nepia pekee haiwezi kuziba pengo la protini.

New Zealand na ndege zake

Nchi mojawapo iliyolishughulikia swali hili kwa upana ni New Zealand, ambayo vilima vyake vya kondoo vina tindikali na havilimiki kwa trekta. Mwaka 1948 jeshi lao la anga lilifanya majaribio ya kunyunyiza mbolea kwa ndege, na kuanzia 1949 kazi hiyo ikawa biashara. Kilichomwagwa kwanza juu ya klova kilikuwa hasa mbolea ya fosforasi, baadaye ikichanganywa na molibdeni. Chokaa ilifuata pale gharama ilipokubali, kwa sababu fosforasi huhesabiwa kwa kilo mia chache kwa hekta na chokaa kwa tani. Wafugaji wenye ndege waliona kwamba uzito ndio unaopanga foleni ya pembejeo mlimani. Anayebeba kwa kichwa ana sababu kubwa zaidi ya kufuata foleni hiyo. Na pamoja na juhudi zote hizo, kwenye nyanda za juu za Kisiwa cha Kusini alumini ya tabaka la chini bado inaizuia lusini hadi leo.

Deni linaloachwa na panga

Kuna jambo ambalo kambi zote mbili za mikunde hulinyamazia: mkunde wenyewe huongeza tindikali. Unapokamata naitrojeni ya hewa, mizizi yake hutoa tindikali kwenye udongo, na majani yake hukusanya kalsiamu nyingi. Majani yakioza palepale, sehemu kubwa ya hesabu inarudi. Yakikatwa na kubebwa, hesabu inaondoka. Makadirio ya Australia ni kwamba kila tani ya hei ya lusini huondoka na kitu kinacholingana na kilo 60 hadi 70 za chokaa. Anayevuna tani 5 kwa mwaka anadaiwa na shamba lake mifuko 6 ya chokaa au zaidi kila mwaka, hata kama hajatia punje ya DAP.

Kwa ufugaji wa ndani wa milimani, ambao wote ni wa kukata na kubeba, hili linagusa mzizi wa mambo. Majani hutoka mteremkoni na kushuka bandani. Samadi hutoka bandani na kuishia kwenye migomba na kahawa iliyo karibu na nyumba, kwa sababu ndoo ya samadi haipandi mlima kwa hiari. Baada ya miaka kadhaa migomba imenenepa na tuta la malisho limekonda, na mwenye shamba anasema desmodiamu imezeeka. Haijazeeka. Imehamishwa kidogo kidogo hadi chini ya migomba.

Samadi ya ng'ombe hurudisha kalsiamu, fosforasi na hata molibdeni, na mboji yake huifunga alumini. Kwa kila mtu anayeuliza chokaa au samadi, jibu ni kwamba kwa kiasi fulani samadi ni chokaa iliyokuwa yako.

Mizani

Kuuliza "chokaa au mmea unaovumilia?" kwa shamba zima ndiko kunakozalisha ugomvi. Ekari moja ya mlimani kwa kawaida ina sehemu mbili zisizofanana: sehemu inayolimwa kila msimu, na sehemu isiyolimwa, yaani kingo za makinga maji, mipaka na miteremko mikali. Kila hoja ina haki kwenye sehemu yake.

Kwenye sehemu inayolimwa, hoja ya chokaa inashinda. Jembe linapita hapo hata hivyo, hivyo kuchanganya hakuongezi mmomonyoko, na mahindi na maharage yanagawana faida na fiwi au desmodiamu iliyopandwa kati yake. Hata hapo sioni sababu ya kumwaga ekari nzima. Mistari ikiwa mita moja kutoka mmoja hadi mwingine, na chokaa ikichanganywa kwenye ukanda wa sentimita 25 wa kila mstari, eneo linalotibiwa ni robo, na mifuko 16 inakuwa 4. Nguvu ya chokaa ndani ya ukanda ni ileile. Kinachopotea ni kwamba mizizi ikitoka nje ya ukanda inakutana na alumini, na misimu inayofuata lazima mistari irudi palepale au chokaa iongezwe. Kwa mwenye mifuko 4 na kilima cha kupanda, biashara hiyo inalipa.

Kwenye sehemu isiyolimwa, hoja ya mmea unaovumilia inashinda waziwazi. Mzunguko wa ekari moja iliyo mraba ni karibu mita 255. Kaliandra ikipandwa kila nusu mita inafika miche 500 hivi, kiasi kinachokadiriwa kumtosha ng'ombe mmoja kwa mwaka kama nyongeza ya protini. Haichukui kitalu hata kimoja cha chakula, na inashika udongo. Desmodiamu inaweza kufunika kingo chini yake. Hapa fedha ya chokaa iende kwenye fosforasi, ikiwekwa ndani ya shimo la kupandia na si kutapakaa, ili isikamatwe na chuma njiani. Mbolea ya mawe ya fosfeti ya Minjingu inafaa hasa kwenye udongo huu, kwa kuwa tindikali ndiyo inayoiyeyusha, na ina kalsiamu ndani yake. Ni miongoni mwa mahali pachache ambapo ubaya wa udongo hufanya kazi kwa faida ya mkulima.

Hoja ya urea naipa nafasi ndogo: kwenye nepia au brakiaria ya karibu na banda, kwa mfugaji ambaye tayari ana kaliandra na anayerudisha samadi. Ikiwa peke yake inachimba shimo.

Yote hayo yanategemea kipimo, na kipimo nacho kina mtego. Maabara moja hupima pH kwa maji, nyingine kwa chumvi ya kalsiamu au potasiamu, na namba ya chumvi huwa chini kwa nusu hadi moja nzima. Mkulima aliyepewa 4.7 ya chumvi na jirani aliyepewa 5.4 ya maji wanaweza kuwa na udongo mmoja. Anayepeleka udongo kwenye maabara za Kabete, Mlingano au Chuo Kikuu cha Sokoine aulize njia iliyotumika, na aombe kipimo cha alumini pamoja na pH, maana ndicho kinachosema chokaa ni kiasi gani. Udongo wa tuta na udongo wa shamba uwekwe kwenye mifuko miwili, na tabaka la chini, sentimita 20 hadi 40, liwe na mfuko wake kama kuna wazo lolote la kupanda lusini.

Zinabaki kazi ambazo mkulima hawezi kuzifanya peke yake. Mbegu ya desmodiamu na miche ya kaliandra bado hutegemea miradi, na mradi ukifungwa kitalu hukauka. Vituo vya utafiti kama TALIRI Uyole na KALRO Kitale vingeweza kuwapa vikundi vya wafugaji mashina mama ya kuzalisha vipando vyao wenyewe kata kwa kata. Ruzuku ya chokaa nayo ilipiwe hadi shambani, kwa sababu kupunguza bei ya mfuko uliobaki sokoni hakumfikii mwenye shamba la juu. Na kaunti au halmashauri yenye lori moja la chokaa kwa kata nzima iligawe kwa mistari ya wakulima wengi waliopima, kabla ya kulimwaga kwenye ekari chache za shamba la mfano kando ya barabara.